Kuanza Upya Pwani: Walioachwa Huru na Koo Walizojijengea

Mwezi wa Julai 1872, huko Kwihara karibu na Tabora, David Livingstone alikuwa akingoja wapagazi kutoka pwani ili aanze safari yake ya mwisho. Katika msafara wake mdogo alikuwamo mwanamke aliyeitwa Ntaoéka, ambaye hakuwa na mume. Livingstone hakupenda mwanamke mzuri akae peke yake katikati ya wanaume, basi akamtajia watu watatu achague mmoja: Chuma, Gardner na Mabruki. Ntaoéka alitabasamu tu. Kwa maoni ya Livingstone, wawili kati yao hawakuwa na sura ya kuvutia, na Chuma alijulikana kwa uvivu. Chuma akaahidi kujirekebisha. Wanawake wa msafara nao walitaka mwenzao apate mume, na Ntaoéka alipoulizwa mara ya pili, alikubali kuwa mke wa Chuma. Livingstone aliandika kisa hicho katika shajara yake, akaongeza kwamba tangu hapo bibi harusi alionekana akichapa kazi kuanzia asubuhi hadi usiku.

Watu wa msafara huo walikuwa wametoka mbali. Chuma alikuwa Myao, akauzwa angali mtoto, akakombolewa mwaka 1861 katika nyanda za juu za mto Shire, pale Livingstone na Askofu Charles Mackenzie walipouzuia msafara wa watumwa. Edward Gardner alisoma Nasik, India, katika shule iliyowalea watoto wa Kiafrika walionusuriwa kutoka majahazi ya watumwa. Hawakuwa na baba wa kuwaposea wala shangazi wa kuwapa nasaha. Msafara ndio uliokuwa ukoo wao. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, watu hao hao waliukausha mwili wake, wakaufunga na kuubeba hadi Bagamoyo, wakawasili Februari 1874. Ntaoéka alikuwamo katika safari hiyo, pamoja na Halima, mpishi wa msafara.

Vitabu vingi vya historia hukumbuka mikataba: ule wa Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alipokubali kulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, kisha amri ya 1897 na sheria zilizofuata. Mambo hayo yalikuwa makubwa na yanastahili kukumbukwa. Lakini watu wa kawaida walioguswa na mikataba hiyo walikuwa na maswali ambayo saini ya sultani haikuyajibu. Nitaoa kwa nani? Nani atanioza? Watoto wangu watahesabiwa wa nani? Nikifa, nani atanizika na nani atanirithi? Historia ya pwani yetu baada ya utumwa ni historia ya jinsi watu hao walivyoyajibu maswali hayo wenyewe, mara nyingi bila msaada, na wakati mwingine wakipingwa na wale wale waliojiita wafadhili wao.

Kung'olewa

Katika karne ya 19, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mashamba ya nafaka ya Malindi na biashara ya kuvuka bahari vilimeza watu wengi. Wengi wao walitolewa pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na kufikishwa kwenye soko la Unguja huko Mkunazini. Walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wabisa, Wangindo na wengineo. Mtu alifika pwani akiwa amepoteza mambo mengi kwa mara moja: mji wake, lugha yake, wazee wake, na mara nyingi jina lake, kwani bwana mpya alimwita alivyotaka.

Kisa cha Swema ni miongoni mwa vichache vilivyohifadhiwa. Alikuwa msichana wa Kiyao aliyechukuliwa pamoja na mama yake, na mama akafia njiani. Swema alifika Unguja miaka ya 1860 akiwa mgonjwa na mdhaifu kiasi kwamba alionekana hana faida tena, akazikwa akiwa hai. Kijana mmoja mwenye asili ya kisiwa cha Réunion alimfukua na kumpeleka kwa masista Wakatoliki mjini Unguja. Huko alilelewa, akabatizwa, akachagua kubaki na masista waliomwokoa, maana ndugu wengine hakuwa nao.

Kwa waliobaki chini ya mabwana, ndoa haikuwa jambo lao peke yao. Mtumwa alihitaji idhini ya bwana wake ili aoe au aolewe. Mtoto wa mjakazi aliyeolewa na mtumwa alikuwa mali ya bwana wa mama. Suria aliyemzalia bwana wake alikuwa na hali nyingine: mtoto wake alikuwa huru na halali wa baba yake, na mama huyo hakuruhusiwa kuuzwa, akawa huru bwana akifa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya Desturi za Wasuaheli yalichapishwa mwaka 1903, alieleza pia tofauti kati ya mtumwa aliyeletwa kutoka bara na mzalia aliyezaliwa pwani. Mzalia alijua lugha, alijua dini, alijua namna ya kuamkia na kuketi na watu. Mgeni alijifunza hayo yote akiwa na njaa na hofu.

Hata hivyo watu hao hawakukaa mikono mitupu. Waliokuwa chini ya bwana mmoja waliitana wajoli, na mjoli alifanywa ndugu. Alikuwapo kwenye uzazi na kwenye msiba. Wanawake walikuja na unyago wa kwao, wakawachezea wari wao hapa pwani kwa ngoma za bara, na kwa muda mrefu makungwi mashuhuri wa Mombasa walitoka miongoni mwa wanawake wa asili hiyo. Mmoja wao, Mishi wa Abdala, aliyasimulia maisha yake kwa Sarah Mirza na Margaret Strobel, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1989 pamoja na ya wanawake wengine wawili wa Mombasa. Ukiyasoma unaona jinsi kazi ya ukungwi ilivyompa mwanamke asiye na ukoo mkubwa heshima ambayo mji mzima ulilazimika kuitambua.

Waliorudi kutoka Bombay

Meli za kivita za Uingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa zilikabiliwa na tatizo gumu: waliookolewa wapelekwe wapi? Kwa miaka mingi wengine walipelekwa Bombay. Watoto kadhaa walisomeshwa na wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society huko Nasik, katika kijiji cha Sharanpur, wakajifunza Kiingereza, useremala na uhunzi. Kutoka kundi hilo walirudi pwani yetu watu kama William Jones na Ishmael Semler, waliofika Mombasa mwaka 1864. Walikwenda kufanya kazi Rabai, kwenye kituo ambacho Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikianzisha mwaka 1846.

Mwaka 1875 shirika hilo liliamua kujenga makazi ya waliookolewa huku huku Afrika. Mchungaji William Salter Price, aliyewahi kuisimamia shule ya Nasik, alinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, na makazi yakaitwa Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere aliyetumwa kuzungumza na Barghash. Kabla ya mwaka huo kwisha, meli zilikuwa zimekwisha kuteremsha watu kwa mamia, wengi wao watoto. Walipewa vyakula, nguo, majembe na viwanja. Waafrika waliotoka Bombay wakawa walimu, mafundi na wasimamizi wao.

Mtu anaweza kudhani kwamba hapo ndipo palipokuwa mwisho wa mateso. Haikuwa hivyo. Msimamizi wa kidunia wa Frere Town, J. R. Streeter, aliwachapa watu viboko na kuwafunga, mpaka mwaka 1881 mambo yakachunguzwa na wakuu wa Uingereza pwani na habari kufika London. Waafrika wa Bombay, waliosoma na kujua haki zao, walikuwa mstari wa mbele kulalamika. Kwao, kuhamishwa kutoka bwana mmoja kwenda kwa mwingine si jambo walilolisafiria bahari nzima.

Lakini katikati ya ukali huo, mji ulijengeka. Watu waliokuwa na lugha kumi tofauti walielewana kwa Kiswahili. Vijana walioana, wakazaa, wakaanza kuwa na babu na bibi wa kuwaonyesha watoto. Kengele ya Frere Town iliita watu kanisani, shuleni na kwenye hatari, na hadi leo mtaa huo wa Mombasa unaitwa Kengeleni. Chuo cha kufundisha wachungaji kilichoanzishwa hapo mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, nacho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo.

Vyeti vya Rabai

Si wote waliosubiri meli ya kuwaokoa. Maelfu walijiokoa kwa miguu. Nyuma ya Malindi, Takaungu na Mombasa palikuwa na misitu na vilima, na mtoro aliyefika huko aliweza kulima na kujificha. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ilikusanya watoro chini ya David Koi, Mkristo aliyewaongoza katika sala na katika kujihami. Mwaka 1883 Koi alikamatwa na kuuawa. Wakazi walitawanyika, wengi wakakimbilia Rabai.

Kiongozi wa Rabai wakati huo alikuwa William Jones, mtoto yule yule aliyeuzwa, akaokolewa, akapelekwa Bombay na kurudi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, yeye na Semler pamoja, kisha akaenda naye safari ya Busoga ambako Hannington aliuawa. Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliobaki hadi pwani. Aliporejea Rabai, watoro walimiminika. Wazungu waliofanya kazi naye walijua kwamba sheria ya pwani inataka mtoro arudishwe kwa bwana wake, na baadhi yao walimwonya. Jones aliwapokea. Aliwapa viwanja, akawafundisha, akawabatiza waliotaka na kuwafungisha ndoa.

Mwaka 1888 mabwana wa Mombasa na miji jirani walichachamaa, wakitaka watu wao. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ndiyo kwanza imekabidhiwa utawala wa pwani, iliogopa ghasia zitakazoivunja kabla haijaanza. George Mackenzie, mkuu wa kampuni, akafanya mapatano: mabwana walipwe fidia, na watoro waliokuwa wakikaa kwenye misheni wawe huru kisheria. Waliohesabiwa walizidi 1,400, na sehemu kubwa walikuwa Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru viligawiwa.

Fikiria maana ya karatasi ile kwa wana ndoa wa Rabai. Mume na mke waliotoroka kutoka kwa mabwana wawili tofauti waliishi miaka kadhaa wakijua kwamba siku yoyote mmoja anaweza kukamatwa na mwingine akabaki. Watoto wao wangeweza kudaiwa na bwana wa mama. Baada ya siku ile, ndoa yao ilikuwa yao, na watoto wao walikuwa wao.

Harusi za misheni

Kusini zaidi, misheni nyingine zilikuwa zikijaribu mambo kama hayo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua kituo Bagamoyo mwaka 1868, wakakomboa watoto sokoni, wakawalea, kisha wakawaoza wao kwa wao walipokua. Kila wana ndoa wapya walipata nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo, wakilazimika kufanya kazi za misheni kwa sehemu ya juma. Mwaka 1877 baadhi ya wana ndoa hao walipelekwa Mhonda, katika milima ya Nguru, kuanzisha kituo kipya. Wapo waliotulia, na wapo waliochoka na kengele na amri za mapadri wakaondoka, wakaenda kutafuta maisha mjini au bara. Kuondoka huko nako kulikuwa kuanza upya, ingawa barua za mapadri ziliwataja kwa masikitiko.

Huko Unguja, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, UMCA, ilikuwa na shule ya wavulana Kiungani na shule ya wasichana Mbweni, pamoja na kijiji cha walioachwa huru hapo hapo Mbweni. Caroline Thackeray aliwasili mwaka 1877, akawa mkuu wa shule ya wasichana, akaishi Mbweni hadi kufa kwake mwaka 1926. Vijana wa Kiungani waliosomea ualimu na uchungaji walipata wake zao Mbweni. Wasichana walifundishwa kusoma na kushona, lakini pia walijua kwamba ndoa na mwalimu ilimaanisha kupelekwa bara, mbali na rafiki waliokua nao, kwenye vituo ambako vita vilikuwa karibu.

Vijana wa Kiungani walituachia jambo la thamani sana. Waliombwa waandike kwa Kiswahili habari za maisha yao, jinsi walivyokamatwa na kufika Unguja, na mwaka 1887 A. C. Madan, aliyekuja kujulikana kwa kamusi zake, alichapisha tafsiri yao kwa Kiingereza. Ni sauti za watoto wa makabila mbalimbali wakieleza kwao palivyokuwa, mama alifanya nini, siku ya kukamatwa ilikuwaje. Kumbukumbu ya nyumbani haikuwa imewatoka.

Hamu hiyo ya kurudi ndiyo iliyoizaa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, kuelekea upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Msafara uliongozwa na Chuma, yule mume wa Ntaoéka. Walipofika Masasi walikuta ardhi nzuri na maji, na wenyewe wakataka kubaki pale. Walijenga nyumba, wakalima, wakaoana na watu wa jirani. Septemba 1882 wapiganaji Wangoni walioitwa Wamagwangwara waliwavamia, wakaua na kuteka. Watu waliokwisha kutekwa mara moja utotoni wakatekwa tena ukubwani. Baadhi yao walikombolewa, na kituo kikahamia Newala kwa muda, lakini Masasi haikufa.

Kutoka katika kizazi hicho alitokea Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa Unguja utotoni, akalelewa na misheni. Mwaka 1886 yeye na mkewe Lucy walihamia Chitangali, kwa mwenye Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Kwa miaka mingi alifanya kazi Chitangali bila Mzungu kumsimamia, akibatiza watu wa kabila lake mwenyewe. Aliyeondoka Uyaoni akiwa bidhaa alirudi akiwa padri, mume na baba wa watoto.

Ng'ambo ya Darajani

Wengi zaidi hawakupita misheni kabisa. Walikuwa Waislamu, na waliikuta njia yao ndani ya jamii ya Kiislamu ya pwani.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumfungulia kila mtu mlango. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia, na aliyefanyishwa kazi maisha yake yote hakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, isipokuwa aliyeonewa. Hao walisubiri hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907. Katika koloni la Wajerumani watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 walitangazwa huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Baadhi ya walioachwa huru walibaki mashambani, wakipata ruhusa ya kulima mihogo chini ya mikarafuu kwa kupalilia shamba la mwenyewe, na msimu wa karafuu wakichuma kwa kulipwa kwa pishi. Wengine walivuka kwenda Pemba, ambako Waquaker walifungua makazi Banani, na ambako mtu mwenye bidii aliweza kujinunulia mikarafuu michache. Maelfu wengine walikwenda mjini, wakajenga vibanda vya udongo na makuti upande wa pili wa hori, Ng'ambo. Huko walikuwa wapagazi wa bandari, wachukuzi wa maji, wauza samaki, mafundi, madobi na mama ntilie.

Ng'ambo ndiko majibu ya yale maswali ya nyumbani yalikotafutwa kila siku. Kwa sheria, mwanamke aliyeachwa huru asiye na ndugu wa kiume alikuwa na walii mmoja: bwana aliyemwacha huru. Akitaka kuolewa, ilibidi bwana yule amwoze au atoe ruhusa. Na aliyeachwa huru akifa bila mrithi wa damu, mali yake, hata kama ni kibanda na vyombo vya jikoni, ilimwangukia bwana huyo au watoto wake. Basi ndoa halali na mtoto halali vilikuwa kinga. Mtoto wa kiume aliyezaliwa katika ndoa alikata mkono wa bwana wa zamani usifike kwenye urithi. Watu waliokuwa hawajui kusoma wakajifunza njia ya kwenda kwa kadhi, wakadai talaka zao, mahari zao na vipande vyao vya urithi.

Walijenga undugu pia kwa njia nyingine zaidi ya ndoa. Jirani alifanywa shangazi, mjoli wa zamani akasimama kama kaka siku ya posa. Waliingia twarika na kukaa kwenye zikiri bega kwa bega na waungwana. Waliunda vyama vya ngoma vilivyokuwa na viongozi, sare na michango, na mwanachama akifiwa, chama kilifika.

Na walivaa. Wakati wa utumwa mjakazi alijulikana kwa kaniki nyeusi au kipande cha merikani alichojifunga kifuani, kichwa wazi. Mwishoni mwa karne ya 19 kanga zilienea madukani, nguo za rangi na nakshi, kipande kimoja cha kujifunga na kingine cha kujitanda. Wanawake wa Ng'ambo walizinunua kwa pesa za kwanza walizozishika kama zao. Mwanamke aliyejitanda kanga mpya siku ya sikukuu aliueleza mji mzima kwamba hana bwana.

Walibadili pia namna walivyohesabiwa. Sensa ya Unguja na Pemba ya mwaka 1924 iliandika watu karibu 34,000 waliojiita Waswahili. Sensa ya 1931 iliwakuta takribani 2,000 tu. Watu hawakuwa wamehama. Walijitaja upya, wengi wao wakisema ni Washirazi au Wahadimu, maana jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Walioandikwa majina na wengine utotoni walikuwa sasa wakijiandikisha wenyewe.

Binti wa Fumba

Karibu mwaka 1880, kijijini Fumba kusini mwa Unguja, alizaliwa mtoto wa kike katika familia iliyotoka utumwani. Aliitwa Mtumwa binti Saad. Alikua akifinyanga vyungu pamoja na mama yake na kuvitembeza kichwani vijijini hadi mjini, akinadi bidhaa yake kwa sauti iliyowafanya watu wasimame. Aliolewa, akazaa, akaachika. Mwaka 1911 alihamia mjini kama walivyohamia wenzake wengi, bila mali wala jina la ukoo. Muhsin Ali alimfundisha kuimba, na kundi la wanamuziki likakusanyika naye: Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Mwalim Shaban.

Watu wakamwita Siti. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice kwa Kiswahili, na sauti yake ikasikika pwani nzima na bara hadi Kongo. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika kumbi za sultani ikatua barazani Ng'ambo, ikaanza kuzungumza mambo ya huko: hakimu mla rushwa, tajiri mdhalimu, mume mwongo. Wimbo wake wa Kijiti ulikieleza kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara huku wanawake waliokuwa na marehemu wakiadhibiwa. Kila mwanamke wa Ng'ambo aliyekuja mjini peke yake alijua kwamba angeweza kuwa yule mgeni. Siti aliimba ili kifo hicho kisipite kimya. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu, akaona maisha yake yanastahili kitabu kizima cha wasifu.

Kalamu ya Mbotela

Kule Frere Town, mtoto mmoja wa waliokombolewa alikua akisikia masimulizi ya wazee kila jioni: kukamatwa, safari, jahazi, meli ya Waingereza, nchi kavu ya Kisauni. Mtoto huyo, James Juma Mbotela, akawa mwalimu. Mwaka 1934 alichapisha kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichosimulia kwa Kiswahili habari za baba yake na watu wa kijiji chake, nacho kikasomwa shuleni kwa miongo kadhaa. Wahakiki waliofuata walikilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Lakini bila Mbotela, mambo mengi ambayo wazee wa Frere Town walikumbuka yangezikwa nao.

Ukoo huo uliendelea kutoa watu wa umma. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, akauawa Nairobi Novemba 1952. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1940 na kufariki Februari 2025, alikuwa mmoja wa watangazaji waliopendwa kuliko wote Kenya, na tangu miaka ya 1960 kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kiliifundisha nchi nzima adabu.

Bado koo nyingi za pwani hunyamaza zikifika kwa babu wa tatu au wa nne. Watu huona haya kwamba mmoja wao aliuzwa. Haya hiyo imewakalia watu wasiostahili: aliyeuzwa hakufanya kosa, na aliyejijengea nyumba, ndoa na jina baada ya kuuzwa alifanya kazi ambayo wachache wetu tungeiweza. Kwa hiyo msomaji mwenye mzee Kisauni, Rabai, Bagamoyo, Masasi, Mbweni au Ng'ambo asisubiri mtafiti aje kutoka ng'ambo ya bahari. Amuulize mzee huyo bibi yake alitoka wapi, aliolewa na nani, na nani alisimama siku ya posa, kisha ayaandike majibu kwa Kiswahili, kama Mbotela alivyofanya mwaka 1934.